Gari la Lami

Siku Kiplimo alipoleta gari nyumbani, watu wote waliangalia rangi. Mama yake, Janeffer, aliinama akaangalia chini. Aliinama kama mtu anayetafuta kuku aliyeenda kutaga mafichoni. Chini ya pikapu yao ya zamani paka alipita na mkia umesimama, na mvua ikinyesha mbuzi walijibanza hapo. Chini ya gari hili jipya Janeffer alisukuma ngumi yake, ngumi ikakwama.

"Mama, unatafuta nini huko?" Kiplimo aliuliza akicheka.

"Natafuta mahali mawe yatapita."

"Mawe yatapita kando. Hii ni gari, Mama, si trekta."

Watu wakacheka. Sally, jirani yao, mke wa Kipkoech, alicheka kuliko wote. "Mama Kiplimo, kesho hata kutusalimia utatusalimia kwa honi!" Janeffer naye akacheka, lakini cheko lake liliishia mdomoni.

Jipya lilikuwa kwa jina tu. Lilitengenezwa Ujerumani, likatumika Ujapani mpaka wenyewe wakalichoka, ndipo likaletwa huku. Lilikuwa jeusi, refu, limelala karibu na ardhi, na likiwashwa linanguruma kama kitu kinachotaka kurukia mtu. Tairi zake zilikuwa nyembamba kama mkanda. Viti vilikuwa vya ngozi, na ukibonyeza mahali fulani vinapata joto vyenyewe. Watoto wa jirani waliliita Mjerumani, na jina likashika.

Hofu ya Janeffer ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa imekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya jikoni, imejifunika blanketi mchana. Ni Hezekiah, mume wake. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Kila Jumanne na kila Ijumaa ilibidi afikishwe hospitali ya Kapkatet, alazwe kando ya mashine, damu itolewe, isafishwe, irudishwe mwilini. Akikosa mara moja, miguu inafura. Akikosa tena, maji yanapanda kifuani na pumzi inakuwa kitu cha kutafuta. Daktari alimwambia Janeffer wazi bila kuzungusha: "Mama, dawa yake ni kufika."

Na kufika kwenyewe si mchezo. Kutoka kwao mpaka lami ni murram, njia ya udongo na changarawe, inayoteremka katikati ya mashamba ya chai, inavuka kijito, halafu inapanda kilima ambacho mvua ikinyesha kinageuka sabuni. Na mvua ya huko haikosi kazi.

Msidhani Kiplimo alikuwa kijana mbaya. Angekuwa mbaya, habari hii isingeuma. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka baba yake na ile pikapu, wiki nenda wiki rudi, na siku zinazobaki anabeba nayo ndama kwenda soko la Mulot. Sasa pikapu ilikuwa inamrusha mzee. Siku moja wakirudi kutoka hospitali, Hezekiah mwili umelegea, mkono umefungwa bandeji pale sindano zilipoingia, pikapu ikaingia shimo na mzee akalia. Alilia kimya akiangalia dirishani, akidhani kijana haoni. Kiplimo aliona. Tangu siku hiyo wazo la gari laini likamwingia, na bonasi ya majani ya chai ilipolipwa mwezi wa kumi, akauza pikapu, akachanganya na bonasi ya nyumba nzima, akaenda Kericho mjini.

Tuseme pia ukweli wote. Vijana wa rika lake pale Mulot walikuwa na magari ya kung'aa, na yeye alikuwa amechoka kuitwa Kiplimo wa Ndama.

Mwenye kuuza magari, mtu mzima anayeitwa Wambugu, hakumdanganya. Kiplimo mwenyewe alisimulia nyumbani kama kichekesho. "Aliniangalia viatu, Mama, akaona matope. Akaniambia, 'Kijana, hiyo ni gari ya lami, na ni ya mtu ako na fundi wake na ako na subira. Mahali unatoka, nunua ile pale.' Akanionyesha kitu imesimama juu kama jukwaa la maharusi! Nikamwambia mimi nataka hii."

"Na wewe uko na fundi wako?" Janeffer aliuliza.

"Fundi wako kila mahali."

"Na subira?"

Hezekiah akaingilia kutoka kwenye blanketi lake. "Janeffer, mwache mtoto. Tangu nizaliwe sijawahi kukaa kwa kiti ya ngozi. Hata kama ni ya kunipeleka kutobolewa, wacha nikae."

Basi pasta akaja, akaweka mkono juu ya boneti, akaomba. Shangazi yao mkubwa akanyunyiza mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, juu ya tairi kama anavyonyunyizia kila kitu kinachoingia boma lile. Kiplimo alipowasha, sauti ya mwanamke ikatoka ndani ikisema maneno ya Kijapani, na kwenye kioo kidogo mbele ya usukani yakapita maandishi kama vijiti vilivyomwagika.

"Chamgei, mama," Hezekiah akaisalimia ile sauti kwa Kikalenjin. "Anasema nini huyu?"

"Anasema mzee afunge mkanda," Kiplimo alijibu, naye hakujua zaidi ya baba yake.

Mwanzoni lilikuwa gari la baraka. Jua lilikuwa limekausha njia, Kiplimo akaendesha polepole akilipitisha kwenye mawe kama mtu anayevusha mtoto mtoni. Hezekiah alirudi kutoka hospitali siku ya kwanza uso umefunguka. "Nimelala njia yote," alimwambia mke wake. "Nimebebwa kama mayai." Usiku huo alikula ugali akamaliza, jambo ambalo Janeffer alikuwa amelisahau. Mama naye akamshukuru Mungu, akajiambia labda ni uoga wake tu, maana yeye ni mtu wa kuogopa hata radi ya mbali.

Halafu taa ikawaka. Taa ndogo ya manjano, mfano wa injini. Kiplimo akalipeleka kwa fundi Johana, mwenye gereji pale Kapkatet, aliye na kompyuta ya kusoma magonjwa ya gari. Johana akachomeka waya, akasoma, akafuta, taa ikazima. Kesho yake ikarudi, na nyingine nyekundu kando yake.

"Sikiza nikuambie," Johana alimwambia. "Hawa Wajerumani wanalalamika kama mtu wa mjini akiumwa na siafu. Ukisikiza kila taa hutaendesha. Likiwa jambo la maana, gari yenyewe itasimama."

Kiplimo akashika neno hilo. Akajifunza kuendesha bila kuangalia taa. Janeffer akikaa nyuma na kuuliza, "Hiyo nyekundu ni nini?" anajibiwa, "Hiyo huwaka tu, Mama."

Mawe nayo hayakupita kando. Kuna sahani ya plastiki inayofunika tumbo la gari la namna hiyo, inayokinga injini na mipira ya maji yanayoipoza. Njia ya kwao iliikwaruza mpaka ikapasuka, ikawa inaburutwa kama kanga iliyoshuka kiunoni. Johana akaitoa kabisa, akaitupa nyuma ya gereji. "Ukipata nyingine Nairobi tutarudisha," akasema. Kiplimo akapiga simu Nairobi, akaambiwa asubiri. Tangu hapo gari likawa tumbo wazi.

Baadaye likaanza kukataa kuwaka asubuhi. Leo linawaka, kesho linakohoa na kunyamaza. Jumanne moja likakataa kabisa. Kiplimo alifungua boneti, akafunga, akafungua, jasho linamtoka kwenye baridi ile ya asubuhi inayofanya pumzi itoe moshi. Hezekiah alikuwa ameshavaa koti na kofia, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, fimbo kati ya magoti.

"Niende kwa Kipkoech," Janeffer alisema. "Nimwombe ile gari yake, probox."

"Mama, gari iko hapo nje."

"Iko hapo nje, ndiyo. Hapo nje si Kapkatet."

"Watu watasema nini? Tumeombea gari, tumekunywa chai, leo tunaenda kuomba probox ya kubeba kabichi?"

Hapa ndipo penye kosa, na ni kosa la watu wa kilima kile. Desturi yao ni nzuri sana: mwenye gari akiitwa kwa mgonjwa, haulizi mafuta, haulizi saa, anatoka. Lakini desturi hiyo ni ya nyumba isiyo na gari. Nyumba ikishakuwa na lake haiombi tena. Ukienda kuomba la jirani wakati lako limesimama uani, umewatangazia watu wote kwamba mtoto wako alinunua takataka. Janeffer aliyajua hayo. Aliangalia uso wa kijana wake, akaona jinsi ulivyokuwa tayari kuvunjika, miguu yake ikakataa kwenda kwa Sally.

"Acheni," Hezekiah alisema, akivua kofia. "Nitaenda Ijumaa, na gari ya mtoto wangu."

Johana alikuja kwa pikipiki jioni, akabadilisha betri, likawaka. Lakini Jumanne ilikuwa imepita, na zamu ya mashine imepita nayo.

Kufika Alhamisi, viatu havikuingia miguuni mwa Hezekiah. Macho yalifura yakabaki mistari. Alilala amekaa, maana akilala chali anazama. Janeffer alikaa naye akimsikiliza anavyovuta hewa, na huko nje mvua ilianza mchana, haikunyamaza.

Ijumaa asubuhi Mjerumani aliwaka mara ya kwanza, na wote wakachukulia kama ishara njema. Walimkalisha mzee viti vya nyuma, kichwa kwenye bega la Janeffer, blanketi la kijani limemzunguka. Wakateremka vizuri. Wakavuka kijito. Kile kilima cha sabuni ndicho kilichowakamata. Tairi za nyuma zilizunguka mahali pamoja zikirusha matope, gari likateleza mkia mpaka kwenye mtaro, tumbo likakaa chini. Kiplimo akakanyaga mafuta, likapiga kelele kubwa na kuzidi kuzama.

"Pumzika," Hezekiah alisema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyejua anamwambia kijana, gari, au kifua chake mwenyewe.

Wachuma chai walikuwa shambani jirani, wamevaa aproni zao za plastiki. Waliona, wakaja mbio bila kuitwa. Na walikuja na kile ambacho watu wa huko hukimbilia gari likikwama: matawi ya chai iliyokatwa. Shamba likikatwa ili lichipuke upya, yale matawi ya zamani hulundikwa kando ya njia, na pikapu ngapi, lori ngapi zimepanda kilima kile juu ya matawi hayo! Wakayasukuma chini ya tairi kwa mafungu. Janeffer naye alishuka, akamwegemeza mume wake mlangoni, akabeba fungu lake kama wengine.

Lakini tawi la chai ya zamani si majani. Ni mti, mgumu kama msumari, na pale lilipokatwa kwa panga lina ncha. Pikapu hupita juu yake tumbo likiwa mbali. Mjerumani alikuwa amelalia tumbo lake wazi.

"Sukumeni! Moja, mbili!"

Gari likashika, likapanda likiyatafuna yale matawi, yakipiga chini ta-ta-ta kama mahindi kwenye kikaango. Likafika juu, watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Kiplimo, hiyo gari inakula chai kuliko mimi!" Hata Hezekiah alitabasamu.

Walishika lami. Kwa mara ya kwanza wiki ile Janeffer alilegeza mabega. Lami ilikuwa inang'aa kwa mvua, mashamba ya chai yako sawasawa huku na huku, na gari likaenda kimya kama lilivyokusudiwa kwenda. Halafu kioo kidogo kikaanza kulia tii, tii, tii. Maandishi ya Kijapani yakatokea, mekundu.

"Kiplimo, inasema nini?"

"Hiyo huwaka tu, Mama. Tumekaribia."

Hakukanyaga breki. Na nani angekanyaga, baba yake akivuta hewa vile? Chini kule, tawi moja lilikuwa limetoboa mpira wa maji, na maji yote yalikuwa yanabaki nyuma yao kwenye lami pamoja na ya mvua, wala mtu asingeyatofautisha. Likaja joto la ajabu, harufu tamu kama sukari inayoungua, halafu moshi mweupe ukafunika kioo cha mbele. Kiplimo aliongeza mafuta. Kitu kikapiga ndani mara moja, kizito, na Mjerumani akanyamaza katikati ya njia, mahali pasipo na nyumba.

Kiplimo alitoka nje akasimama kwenye mvua akipunga mikono. Gari la kwanza likapita. La pili likapunguza mwendo, likaangalia gari jeusi la kifahari na moshi wake, likapita. Nani angefikiri kwamba ndani ya gari kama lile kuna mtu asiye na namna? Aliyesimama ni dereva wa lori la majani ya chai, aliyekuwa amebeba majani yaliyolala kituoni tangu jana kwa sababu ya njia mbovu. Mbele mlikuwa mmejaa wafanyakazi na ngazi yake ni ndefu, kwa hiyo walimpandisha Hezekiah nyuma, juu ya magunia, watu wanne wakimshika. Kiplimo alishika miguu. Milango ya Mjerumani ilibaki wazi nyuma yao, taa zake za hatari zinapepesa kwenye mvua.

Huko juu ya magunia Janeffer alikaa ameshika kichwa cha mume wake mapajani. Midomo ya Hezekiah ilikuwa imegeuka rangi. Alijaribu kusema mara mbili kabla maneno hayajatoka.

"Usimpigie Kiplimo kelele."

"Sitampigia. Nyamaza, Baba Kiplimo, hifadhi pumzi."

"Kiti... kilikuwa kizuri."

Kiplimo alisikia. Aliinamisha uso kwenye ile miguu iliyofura na hakuuinua. Walikuwa wameshaona mabati ya Kapkatet pale Hezekiah alipovuta hewa na hewa isirudi. Lori liliingia getini mwa hospitali likipiga honi, wauguzi wakatoka mbio na kitanda, mashine ilikuwa imewashwa inamngoja. Hakuna aliyechelewa pale isipokuwa yeye.

Kwenye matanga, Kipkoech alimvuta Janeffer kando ya tangi la maji. Alikuwa mtu mpole, na siku hiyo alikuwa na hasira.

"Jumanne probox ililala nyumbani mchana mzima. Kwa nini hamkuniita?"

"Tuliona aibu."

"Aibu ya nini, Mama Kiplimo?"

Kipkoech akaangalia chini, akakwaruza udongo na kiatu. "Lakini hata mimi nilijua hajaenda. Sally aliniambia. Nikasema, nitajipelekaje kwa watu wenye gari kama ile, si wataona ninawadharau?" Wakabaki wamesimama hapo, watu wawili wazima, kila mmoja na aibu yake, na jeneza likiwa sebuleni.

Janeffer alishika neno la mume wake. Hakumpigia Kiplimo kelele, siku ile wala baadaye. Labda angepiga ingekuwa afadhali, maana kijana alikonda, akawa hasemi na mtu, anakula amesimama. Gari lilivutwa mpaka nyumbani. Johana akatafuta injini nyingine, akaifunga, likanguruma tena, na Kiplimo akatangaza kwamba linauzwa.

Wanunuzi walitoka Ndanai: kijana anaitwa Kipkorir, na mama yake, Chepkosgei, mwanamke wa umri wa Janeffer, amejifunga leso kichwani. Kijana alilizunguka gari akilipapasa. "Maze, hii chuma iko sawa," alijisemea, macho yanawaka vile vile Janeffer alivyoyaona ya Kiplimo siku alipolileta.

Kiplimo alikuwa ameingia kuleta funguo. Janeffer akamshika Chepkosgei mkono, akamwambia yote. Hakumwambia kwa kumkomesha mwanawe. Alimwambia kama mama kwa mama: figo, taa, sahani iliyotolewa, matawi, lori. Alimwambia, "Usikubali mtoto auze gari inayowafikisha anunue inayowapendeza. Na akinunua, isimame, nenda kwa jirani. Nenda hata kama unalia njiani. Mimi sikuenda."

Chepkosgei alisikiliza, mkono mdomoni. "Pole, mama. Pole sana." Akamwita kijana wake. "Kipkorir, umesikia? Baba yao alifia safarini na hii gari."

Kipkorir alisikia. Aliangalia gari, akamwangalia Kiplimo aliyekuwa amefika na funguo mkononi.

"Boss," akasema taratibu, "sasa kama mtu alikufa kwa hii gari, si utanipunguzia?"

Kiplimo hakuinua macho. Akapunguza.

Wakati kijana anajaribu vitufe vya kiti, Janeffer alimsogelea Chepkosgei mara ya mwisho, aliyekuwa ameshafunga mkanda kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani.

"Njia ya kwenu iko namna gani, mama?"

"Ni murram," Chepkosgei alisema, na akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayetaka kumtuliza mwenzake. "Lakini wanasema mwaka ujao wataweka lami."